Kazi ya Usiku Haishukuriwi

Usiku wa tisa, mayai yalikutwa yamegeuzwa na hakuna mtu aliyeyageuza.

Yalikuwa mayai tisini na sita. Wapo katika ukoo wanaosimulia kwamba yalikuwa mia tatu, na wapo wanaoongeza kwamba yalikuwa yakilia. Yalikuwa tisini na sita, na hayakulia. Yalipangwa katika trei nne ndani ya kabati la nguo la zamani ambalo Fundi, aliyekuwa seremala, alilitoboa matundu ya hewa, akafunga globu mbili za kutoa joto, akaweka bakuli la maji chini na kipimajoto juu, kisha akaliita mashine. Milango na kufuli lake aliviacha vilevile. Mkewe alipomuuliza kufuli la nini, alisema hata mayai yanahitaji heshima.

Mke huyo aliitwa Kisiki tangu utotoni, kwa sababu ukimsukuma hasogei, na ukijikwaa kwake unaumia wewe.

Mayai hayo hayakuwa mayai ya hivi hivi. Mama yake Kisiki alifuga kuku wa rangi ya majivu, warefu wa miguu, wakali kwa mwewe, na alipofariki aliacha kuku hao na karibu hakuna kingine. Mwaka ule kideri, tauni ya kuku, kilipita, na katika juma moja banda lote likabaki manyoya. Yaliyosalia ni mayai ya siku tisa yaliyokuwa kikapuni jikoni, na machache yaliyorudishwa na majirani wawili ambao marehemu aliwahi kuwagawia mbegu. Yakiharibika, mbegu imekwisha, na pamoja nayo kitu cha mwisho chenye pumzi kilichotoka mikononi mwa mama.

Yai lisipokaliwa na kuku lina masharti. Joto lisipande wala lisishuke. Kila baada ya saa nne ligeuzwe, ndiyo maana kila yai lilichorwa kwa penseli, mkato upande mmoja na duara upande wa pili. Umeme nao ulikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga, na ukiondoka ni lazima mtu awepo awashe jiko la mkaa na kulisogeza karibu na kabati. Kwa hiyo palikuwa na zamu, na palikuwa na kigoda cha zamu. Fundi alikaa mpaka saa nane usiku, Kisiki akapokea mpaka kuche.

Siku ya sita Fundi alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa akilipiga kenchi, akavunjika mfupa wa paja. Akalazwa hospitali, mguu umening'inizwa kwa vyuma. Kisiki alipokwenda kumtazama, Fundi alimwomba atafute mtu wa kupokezana naye. Kisiki alijibu kwamba wanawake wamelea mapacha bila kufumba jicho, mayai ndiyo yamshinde. Akarudi nyumbani kwa binti yao wa miaka sita, ambaye walimwita Kijino tangu jino la mbele lilipong'oka, akachukua zamu zote mbili.

Usiku wa kwanza wa kukesha ulimpendeza, na jambo hili alilisema mwenyewe baadaye bila kuficha. Asubuhi alijiona mwepesi, akili kali kama wembe mpya, akafua, akadeki, akacheka peke yake. Usiku wa pili wepesi uleule ulikuwa na kizunguzungu ndani yake. Usiku wa tatu baridi ilimwingia kwenye mifupa ijapokuwa chumba cha mayai kilikuwa na joto, akawa anatamani sukari, anailamba kwenye kiganja kama mtoto. Mchana alijilaza, akapata kausingizi ka kuku, mara moja mbili, basi.

Usiku wa tisa wa mayai, ambao kwake ulikuwa wa nne, alisinzia juu ya kigoda. Saa nne alikuwa amegeuza, akaacha mikato yote juu. Alizinduka saa tisa na nusu, zamu ya saa nane imeshampita. Akafungua kabati. Maduara yote tisini na sita yalikuwa juu, trei zimenyooka. Kitu kimoja tu hakikuwa cha kawaida: yeye hupanga ncha za mayai zielekee ukutani, nazo sasa, zote, zilielekea kwenye kigoda.

Alisimama hapo kidogo. Akajiambia ameyageuza mwenyewe katika usingizi. Kisha, kwa uchovu na kwa ile furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu, akasema kwa sauti, kwa mzaha, "Asante, yeyote uliye. Na kesho uje."

Globu moja ikafifia, ikarudi. Chumba kikanuka manyoya yaliyolowa.

Kuanzia asubuhi ile hakulala tena.

Si kwamba hakupata nafasi. Saa nane ya kila usiku alisikia kutoka kabatini tik, tik, tik, yai likigusana na yai, taratibu, kama mtu anayehesabu meno ya mwenzake, na akifungua anakuta kazi imekwisha na ncha zinamtazama. Angeweza kulala usiku kucha. Alijilaza akafumba macho, na nyuma ya macho palikuwa peupe kama mchana. Alikunywa vidonge alivyopewa na muuza dawa. Viliufanya ulimi wake kuwa mzito, basi. Siku ya pili mikono ilianza kutetemeka, akatia chumvi kwenye chai, akamgombeza Kijino kwa kuvaa viatu ambavyo yeye mwenyewe alikuwa amemvalisha. Siku ya tatu maneno yalianza kumtoroka: alisimama mbele ya kijiko asikumbuke kinaitwaje. Siku ya nne vitu vilianza kupita pembeni mwa jicho, vyeusi, vya kimo cha mbwa, na akigeuka havipo. Siku ya tano alijikuta amesimama uani na beseni mkononi, jua limehama kutoka ukuta huu hadi ule, na kipande cha siku katikati hakipo, kama ukurasa uliochanwa.

Siku ya saba Kijino alimkuta kambani akianika nguo, akamvuta sketi.

"Mama, ukilala unakoroma."

Kisiki alimwambia kwamba hajalala siku nyingi.

"Umelala sasa hivi," mtoto akasema kwa sauti ya chini. "Nimetoka chumbani. Umejifunika shuka la bluu. Nimekuita, ukanigeukia mgongo. Halafu nimekuona dirishani uko huku."

Kisiki aliacha nguo kambani, akaingia ndani polepole, akapita kwenye chumba cha mayai ambamo hapakuwa na sauti yoyote, akasukuma mlango wa chumba chake, na kitandani kwake, juu ya mto wake, chini ya shuka la bluu ambalo yeye mwenyewe alilikunja asubuhi na kuliweka mchagoni, palikuwa na mtu aliyelala kwa upande wa kushoto kama alivyozoea kulala yeye, mabega yakipanda na kushuka kwa pumzi ndefu, nzito, tamu, pumzi ya mtu aliyelala kwa siku nyingi na ambaye bado ana siku nyingi za kulala, na chumba kizima kikinuka manyoya mabichi na vumbi linaloungua juu ya globu. Nywele zilikuwa zake. Kovu la nyuma ya shingo lilikuwa lake.

Alirudisha mlango. Alimpigia simu shangazi yake.

Shangazi alikuwa mkunga mstaafu, miaka thelathini na moja ya wodi ya wazazi, mwanamke mdogo wa umbo asiyependa kusubiri chai ipoe. Alifika kesho yake, siku ya kumi na saba ya mayai. Alimtazama Kisiki machoni, akamwambia anyooshe mikono mbele, akaitazama ilivyokuwa ikitetemeka. Kisha akauliza swali moja: nani alimshukuru anayegeuza mayai?

Kisiki akamweleza.

"Wodini tulimwita Mwenzangu," akasema. "Mko wauguzi wawili usiku. Unarudi unakuta shuka limebadilishwa, unadhani ni mwenzako. Mwenzako anakuta dripu imefungwa, anadhani ni wewe. Ndiyo maana tuliwekeana sharti, na nilidhani nimewafundisha watu wa nyumba hii: kazi ya usiku haishukuriwi mpaka uone uso."

Alieleza yaliyobaki kwa ufupi. Yule hana usingizi wake. Huwafuata wanaokesha, huwafanyia kazi, na ukitamka asante umempa ruhusa ya kujilipa, naye hujilipa kwa kile ambacho hana. Muuguzi mmoja aliyemshukuru alikwisha mwezi mmoja baadaye, si kwa kufa. Alisimama getini akamuuliza mwanawe mwenyewe ametumwa na nani.

Kisiki aliuliza anatolewaje.

"Tulifukiza, tukanyunyiza maji, tukaleta watu wa kusoma na watu wa kuimba. Alitulia mpaka walipoondoka, akaendelea kukunja mashuka. Niliona mtu mmoja tu aliyemshinda. Alitandika godoro katikati ya wodi, saa nane ya usiku, wagonjwa wanaita, akalala. Alifukuzwa kazi kesho yake. Lakini alipona."

"Nitalalaje, shangazi, na usingizi anao yeye?"

"Hilo sikumuuliza," shangazi akasema. "Alikuwa amelala."

Usiku ule shangazi alikaa kwenye kigoda na kumtuma Kisiki akapumzike. Kisiki alikwenda, akakuta kitanda kina mtu, akarudi kukaa sakafuni miguuni pa shangazi yake. Saa nane tik, tik, tik ilianza ndani ya kabati, na shangazi, ambaye hakuwahi kuonekana akiogopa kitu chenye damu, alivuta miguu yake juu ya kigoda.

Sasa jambo la siku ya kumi na nane. Kila anayetotolesha analijua. Kuanzia siku hiyo yai haligeuzwi tena. Kifaranga kimeshajipanga, kimeelekeza mdomo pale penye hewa, na ukikigeuza unakipoteza njia, kinafia ndani kikigonga upande usio na mlango. Siku kumi na saba ukiacha kugeuza unaua, na ya kumi na nane ukigeuza unaua. Kisiki alilikumbuka asubuhi, akiwa ameinamia trei, akili ikija na kuondoka kama redio mbovu, na hapo ndipo alipoona kitu ambacho shangazi hakukiona: huyu Mwenzangu haijui kazi. Anajua kuendelea. Hajui kuacha.

Na usiku ule, saa nane, angekuja kugeuza.

Jioni Kisiki alifanya mambo matatu. Alifunga kabati kwa ule ufunguo ambao mumewe aliuachia heshima ya mayai, akaufunga kwenye pindo la nguo yake. Alikichukua kigoda cha zamu, akakipasua kwa shoka uani, akakitia jikoni kuchemshia maji ya kuoga. Kisha alioga. Shangazi alimuuliza umeme ukikatika itakuwaje, naye akajibu kwamba utakuwa umekatika. Akamwambia shangazi akalale na Kijino, afunge mlango, na asikie asisikie, asitoke. Shangazi alimshika Kijino mkono, akatii. Alikuwa akimjua Kisiki tangu alipomtoa tumboni mwa mama yake, miguu ikitangulia.

Saa tatu Kisiki aliingia chumbani kwake. Yule alikuwepo chini ya shuka la bluu, mgongo mlangoni, anapumua.

"Sogea," Kisiki akasema.

Pumzi ilikatika.

"Nimesema sogea. Hiki kitanda changu."

Alipanda. Godoro lilikuwa la baridi na bichi kama kiota kilichonyeshewa. Alilala chali, akafumba macho ambayo ndani yake palikuwa peupe, akakunja mikono kifuani, naye yule akateleza kutoka kitandani kama shuka linalodondoka, na kwa muda mrefu hapakuwa na kitu ila saa ya ukutani. Kisha katika chumba cha pili mlango wa kabati ulivutwa. Ukavutwa tena. Ukavutwa taratibu, kwa subira, mara nyingi mno, kama mtu anayejua kwamba ana usiku wote na kesho yake.

Kuvuta kukakoma. Sauti ikaja kutoka upande wa ukuta, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya asubuhi kabla ya maji kupita kooni. Ikamwambia globu zimezimika. Kisiki alisikia kwamba ni kweli: ule mlio mwembamba wa umeme haukuwepo. Ikamwambia mayai yanapoa, ikamtajia kipimajoto kinavyoshuka, nyuzi moja, nyuzi mbili, kwa upole kama muuguzi. Kila msuli wa mwili wake uliinuka bila yeye. Kisigino kilishagusa sakafu. Alikirudisha.

Ikaja sauti ya Kijino ikisema imebanwa na mkojo, kisha ya Fundi ikisema imerudi na iko nje mlangoni na mguu unauma, na Kisiki akatafuna shuka akanyamaza, na pale mwishoni, wakati ile harufu ya manyoya ilikuwa imemjaa puani hata akahisi vijinyoya vikimgusa midomo, na uzito mdogo kama wa kuku anayetafuta pa kukaa ulipanda miguuni, ukapita magotini, ukaja ukatulia juu ya kifua chake, ukijaribu uzito mguu huu na mguu ule, ilikuja sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka minne, sauti ya mama yake, iliyochoka, isiyo na lawama, ambayo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi, ikamwambia, mwanangu, kuku wangu wanakufa na wewe umelala.

Kisiki alifumbua macho. Palikuwa na giza tupu, na hilo lenyewe lilikuwa nafuu.

"Mama alilala saa tatu kila siku ya maisha yake," akasema. "Tulikuwa tukimcheka. Na kuku wake hulala juu ya mayai usiku kucha, kichwa ndani ya bawa, na vifaranga hutoka. Kuku mwenyewe analala. Wewe ni nani ukeshe kuliko kuku?"

Uzito ulisimama pale pale.

"Kazi yako imekwisha jana. Leo ni siku ya kutogusa, na wewe hujui kutogusa. Mayai yakifa nitayazika mimi, ni ya mama yangu. Usingizi ni wangu. Lete."

Akageuka upande wa kushoto, akampa mgongo. Alihisi kitu kikimlalia shingoni, juu ya kovu, kama mdomo wa ndege. Hakusogea. Uweupe ulio nyuma ya macho ulianza kutiwa maji pembezoni, ukawa kijivu, ukawa rangi ya majivu, na kitu cha mwisho alichokisikia ni mtu akikoroma, akatambua, kwa mshangao mdogo, kwamba ni yeye.

Alilala saa thelathini na moja. Shangazi alihesabu, na kila baada ya muda alimwekea kioo puani kama alivyozoea kazini. Umeme ulikuwa umekatika usiku ule kweli, kuanzia saa tano hadi saa nane na robo. Kuhusu hilo shangazi alikuwa mkweli: hakuwasha jiko, kwa sababu alikuwa kitandani, kajifunika na mtoto gubigubi, akisikia mlango wa kabati ukivutwa. Asubuhi alipotazama, mbao za mlango karibu na kufuli zilikuwa na michubuko mingi midogo, yenye vidole vitatu mbele na kimoja nyuma.

Siku ya ishirini na moja vilitoka vifaranga sitini na kimoja, vya rangi ya majivu. Mayai thelathini na matano hayakutoka. Kisiki aliyazika uani kama alivyoahidi, hakulia, na jioni saa tatu akazima taa. Kuku wote wa ukoo huu leo ni wa wale sitini na kimoja.

Fundi alirudi mwezi uliofuata kwa magongo mawili. Kisiki alimsimulia yote isipokuwa sharti, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuchagua wakati wa kila jambo na alidhani wakati upo. Walilala mapema. Usiku baridi iliingia, na kabla hakujapambazuka, chumba kikiwa bado cheusi, Fundi aligeuka kwa shida na mguu wake, akajikuta amefunikwa vizuri mpaka kidevuni, shuka la bluu limechomekwa chini ya godoro pande zote kama wanavyochomeka hospitali.

"Mke wangu," akanong'ona, "umeamka kunifunika. Asan..."

Kiganja cha Kisiki kilimziba mdomo, kwa nguvu, meno yakamuuma mdomo wa chini.

Alikaa hivyo, amemziba mumewe, akisikiliza. Karibu na mlango kitu kilikuwa kimesimama kikisubiri neno limaliziwe, na kilinuka manyoya mabichi.

"Hapa hakuna aliyeshukuru," Kisiki akakiambia.

Akajivutia shuka upande wake, akamwachia Fundi mguu mmoja nje, akalala.